Mama Fidélie na Sauti Chini ya Magitaa

Tarehe 31 Oktoba, Mama Fidélie Kabedi anaiaga redio yetu hapa Likasi baada ya miaka ishirini na saba. Alianza kama mpokea wageni. Mtangazaji mmoja alipougua malaria, yeye akakalishwa mbele ya maikrofoni badala yake kwa siku tatu, na hakuondoka tena.

Kipindi chake cha Jumamosi alasiri kilikuwa cha nyimbo mpya za wanamuziki wasiojulikana. Dada wawili wa Mulungwishi, Shalom na Sephora, waliimba nyimbo za kiasili kwa mdundo wa pop, na yeye ndiye wa kwanza kuzipiga hewani. Hevi metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma, aliupenda kuliko vijana walivyoupenda. Jirani yetu, katekista, alikuja siku moja kuuliza kama jenereta imeharibika.

Kila wimbo aliusikiliza peke yake hadi mwisho kabla ya kuupiga. Ndivyo alivyofanya Jumamosi moja ya mwaka 2019.

Pitshou, mwimbaji wa bendi ya hevi metali iitwayo Kutu, alileta wimbo waliorekodi asubuhi hiyohiyo katika karakana iliyoachwa, kando ya mashimo ya wachimbaji. Mama Fidélie akavaa kaske, vipokea sauti vya masikioni. Magitaa yaliponyamaza, sauti ya mwanamume ikasema taratibu, kama mtu aliye mezani: "Germain iko huku chini. Iko muzima."

Alirudia kuisikiliza sehemu hiyo mara nne, kisha akamvalisha Pitshou kaske.

"Mama, tulikuwa batu bane tu," Pitshou alisema, akionyesha vidole vinne. "Hakuna mwenye alisema ile."

Mkurugenzi wa redio alimkataza kuitangaza sauti hiyo, akihofia kuzua taharuki mjini. Kipindi kilipoanza, Mama Fidélie hakupiga wimbo wowote. Licha ya katazo, aliuliza hewani nani amempoteza Germain. Mimi nilikuwa kwenye mitambo.

Haikupita nusu saa, mwanamke aitwaye Hadassa akafika getini. Mumewe, Germain, alikuwa ametoka Alhamisi kwenda kuchimba, hajarudi. Pitshou akatuongoza hadi karakana walikorekodi, na nyuma ya jengo hilo tukakuta shimo lililoporomoka. Majirani walichimba hadi jua lilipokaribia kuzama. Germain alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika.

Jumatatu tulimpelekea Germain ile rekodi hospitalini.

"Ile sauti haiko ya bwana yangu," Hadassa alisema.

"Minye sikuita muntu," Germain akajibu, akijigusa kifua. "Ile sauti ilikuwa na minye mule chini toka Alhamisi. Ilikuwa inaniambia: ngojea, mama wa redio atasikia."

Alhamisi wimbo ulikuwa haujarekodiwa. Mama Fidélie aliketi ukingoni mwa kitanda.

Kwa miezi miwili alifanya kazi mlango wa studio ukiwa wazi. Nilimshauri aache kusikiliza nyimbo zote hadi mwisho. Alinijibu kwamba anaogopa sana, na kwamba hilo si sababu ya kuacha. Akaendelea kuzisikiliza hadi mwisho kwa miaka sita. Rekodi ile hakuipiga; Kutu waliurekodi wimbo upya mjini, na huo ndio ninyi wasikilizaji mlioupenda.

Sasa anahamia kwa binti yake karibu na Ziwa Tshangalele. Germain na Hadassa watakuwepo kwenye sherehe ya kumuaga.

Mama Fidélie, asante kwa kutusikilizia. Tunakuombea afya, usingizi mzito, na nyumba ambamo kila sauti ina mwenyewe.