Wilfred Entwistle na Bao Lililofutwa na Theluji

Mchungaji wetu, viongozi wa Haddenshaw Town, wachezaji wa zamani na wa sasa, majirani na ndugu wote mliojaa humu kanisani hadi wengine mmesimama nje kwenye baridi, familia imenipa mimi, Brian Pilling, mpwa wa marehemu kwa upande wa mkewe, kazi ya kuwasomea maisha ya mzee wetu, na mjane, shangazi Doreen, ameniagiza nisiyapambe, kwa sababu marehemu hakupenda sifa na wengi wenu mlikuwepo, nikiongeza chumvi mtanizomea.

Marehemu Wilfred Entwistle, ambaye mji mzima ulimwita Wilf, alizaliwa hapa Haddenshaw, Mtaa wa Tanner, siku ya Jumatano tarehe 9 Novemba 1938, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Herbert Entwistle, mfumaji katika kiwanda cha pamba, na Alice, mama aliyesifika kwa pai zake za nyama na viazi na kwa ulimi wake, maana vyote viwili vilikuwa vya moto.

Alianza masomo mwaka 1943 katika shule ya kanisa hili hili, kisha akaendelea na sekondari ya mji hadi Desemba 1953, na ingawa hesabu alizimudu, akili yake ilikuwa nje ya dirisha, hata mwalimu wake mmoja alimwambia mbele ya darasa, "Entwistle, kichwa hicho ungekitumia humu ndani kama unavyokitumia kule uwanjani, leo ungekuwa waziri," naye akajibu kwa adabu kwamba waziri hapigi mpira Jumamosi, jibu lililomgharimu viboko viwili.

Akiwa na miaka kumi na mitano aliajiriwa katika kiwanda cha viatu vya kuvalia ndani, akikata soli, na huku akicheza timu ya vijana ya Town, mpaka Jumamosi tarehe 22 Septemba 1956 alipoitwa timu ya kwanza kwa sababu beki wa kushoto alikuwa anaumwa matumbwitumbwi, na yule bwana alipopona alikuta nafasi imeshapata mwenyewe. Kwa misimu kumi na minane baada ya hapo Wilf alivaa jezi ya klabu moja, mechi mia tano arobaini na saba, na hakuna mwanadamu aliyeichezea Haddenshaw Town mechi nyingi kuliko yeye. Mwaka 1962 klabu kubwa ya ng'ambo ya milima ilimtaka, wakamwonyesha nyumba yenye bustani mbele na nyuma, akaizunguka, akashukuru, akauliza basi la kurudi Haddenshaw linapita saa ngapi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na yeye alilishika hilo kama amri ya kumi na moja.

Alifunga ndoa na Doreen Pilling katika kanisa hili tarehe 10 Juni 1961, na Mungu akawajalia watoto wawili, Janet, aliyezaliwa tarehe 30 Julai 1965, na Keith, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1968, ambao nao wamewapa wajukuu watano, na kati ya hao watano hakuna hata mmoja anayeweza kupiga mpira ukaenda anakotaka, jambo ambalo babu yao alisema limetokana na ukoo wetu sisi akina Pilling.

Sasa ndugu zangu, Wilf alikuwa beki wa kukata na shoka, mawinga wa daraja zima walikuwa wakimwota vibaya, lakini kufunga hakujaaliwa. Misimu inakuja, misimu inakwenda, makipa wanafunga kwa bahati, mabeki wenzake wanafunga kwa makalio, yeye hola. Mashabiki wa jukwaa la kusini walikuwa kila akivuka mstari wa kati wanamwimbia, "Wilf, rudi nyumbani, chai inapoa!" naye alicheka pamoja nao, ila shangazi Doreen anajua, na ameniruhusu niseme, kwamba jambo hilo lilimuuma, maana hakuna mtoto aliyewahi kuupiga mpira ukutani huku akiota kwamba siku moja atazuia vizuri.

Ndipo ikaja Jumamosi ya tarehe 6 Machi 1965. Wilf alikuwa nahodha kwa mwaka wa pili, Town ilikuwa inaning'inia ukingoni mwa kushuka kwenda Daraja la Nne, na walikuja Marbeck Rovers, wakatufunga mawili kabla ya mapumziko. Theluji ilianza kudondoka kipindi cha pili, ukaletwa mpira wa rangi ya chungwa, na zikiwa zimebaki kama dakika ishirini mpira ukatoka kwenye kona, ukamkuta Wilf nje ya eneo la hatari hana pa kuupeleka, akaufumua kwa mguu wa kushoto. Ukaingia. Shangazi Doreen, mwenye mimba ya Janet, alirukaruka jukwaani hadi mama mmoja akamkalisha kwa nguvu, na wazee waliokuwepo wanasema kelele zilizopigwa kwa bao hilo hazikupigwa hata tulipotwaa kombe la jimbo.

Furaha ile haikudumu, kwani dakika tano baadaye theluji ilizidi, na mwamuzi akawaita manahodha wawili katikati ya uwanja, akawauliza kama wanaona mistari, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa haoni tena hata bendera ya msaidizi wake. Nahodha wa Marbeck, mwenye mabao mawili mfukoni, akasema, "Tunaona vizuri tu, refa, tumalizeni." Mwamuzi akamgeukia Wilf. Ndugu zangu, sheria ya mpira inajulikana, mechi ikivunjwa huanza upya siku nyingine na kila kilichofungwa kinafutika, na hapo uwanjani hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko Wilf, aliyekuwa bado anahema kwa furaha ya bao alilolisubiri tangu utotoni. Angesema anaona, mechi ingemalizwa, tungefungwa, na bao lake lingekuwa lake hadi kiama. Akasema, "Refa, goli najua lilipo kwa sababu nimezaliwa mtaa huu, lakini mistari kwa kweli siioni."

"We Wilf!" akaruka nahodha wa Marbeck, "si umefunga sasa hivi? Imekuwaje upofu ukushike ghafla?"

"Nilifumba macho nikapiga," akajibu Wilf.

Mwamuzi akaenda mwenyewe, akafukua theluji kwa kiatu akiutafuta mstari, akafukua tena, akakata tamaa, akapuliza filimbi na kuivunja mechi. Jioni ile Wilf hakugusa chakula chake, alikaa mbele ya moto na soksi zake zikitoa mvuke, na shangazi alipomuuliza kulikoni alisema, "Doreen, nilikuwa nalo dakika tano," wala hakulizungumzia tena mwaka mzima. Mechi ilirudiwa Jumanne tarehe 27 Aprili, tukashinda moja bila kwa bao la mtu mwingine, na msimu ulipokwisha Town ilibaki Daraja la Tatu kwa tofauti ya pointi moja.

Alistaafu kwa mechi ya kumuenzi iliyochezwa tarehe 6 Mei 1974, ambayo kama ilivyo desturi kila mtu alikula njama ili mwenye sherehe afunge, tukapewa penalti isiyokuwepo, kipa wa wageni akajilaza upande wa kulia kabla hata mpira haujawekwa, na Wilf akapiga upande wa kushoto kwa moyo wake wote, akagonga nguzo. Uwanja ulicheka hadi watu wakalia, na yeye akiwa katikati yao anacheka na kulia vilevile. Kuanzia hapo hadi 2003 aliendesha gari la mkate, na wengi wenu mlipokea mikate yenu kwake pamoja na maelezo marefu ya makosa ya beki wa kushoto wa siku hizo.

Afya yake ilianza kudhoofika mwaka 2016 kwa maradhi ya moyo, akawa anaingia na kutoka hospitali, na Novemba iliyopita Bi Gillian Haworth, katibu wa klabu, alimtembelea nyumbani na habari njema, kwamba klabu inajenga ukuta wa majina ya waliotumikia muda mrefu, jina lake litakuwa la kwanza juu, na uongozi umekubaliana waandike pale mechi 547, bao moja. Wilf aliomba aketishwe vizuri kitandani. "Bao langu ukiliandika," akasema, "mawili yao utayaweka wapi? Na pointi za ile ya marudio utawarudishia lini? Andika sifuri, binti. Sifuri hiyo niliiomba kwa mdomo wangu mwenyewe." Bi Gillian ameandika sifuri, na mtaiona mkipita uwanjani.

Marehemu aliaga dunia nyumbani kwake Jumatatu tarehe 14 Januari 2019, saa kumi na mbili asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, muuguzi wa mtaa aliyekuja hata barabara zilipoganda, majirani wa Mtaa wa Tanner kwa supu na kwa kuwatoa mbwa matembezi, wafanyakazi wenzake wa kiwanda na wa gari la mkate, na klabu yetu iliyombeba kama yeye alivyoibeba.

Kuna shukrani moja ambayo haikuwemo, nimeiongeza kwa kalamu mlangoni asubuhi hii. Alifika mzee mwenye bakora, amebadilisha mabasi matatu, akamwambia shangazi, "Mama, mimi ni Len Cartledge, nilikuwa kipa wa Marbeck. Kumbukumbu zote zinasema mumeo hakumfunga mtu. Mimi alinifunga. Mpira niliufuata wavuni mwenyewe nikauokota. Walionifunga ni wengi, siwakumbuki, ila huyu nimeona nisimkose."

Shangazi Doreen alimshika mkono, akamuuliza swali ambalo kwa miaka hamsini na nne hakuthubutu kumuuliza mumewe, akihofia kumtonesha, na ambalo yeye mwenyewe kwa ile theluji hakuweza kulijibu.

"Lilikuwa bao zuri?"

"Zuri mno, mama," akasema Mzee Len. "Hata tungekuwa makipa wawili pale, lingeingia."

Mzee Len ameketi hapo mbele, kwenye benchi la familia. Wilf wetu, pumzika kwa amani nyumbani kwako.