Masahihisho ya Mwalimu Epifania Kuhusu Samaki

Mwalimu Epifania Nkoswe alizaliwa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 6 Januari 1961, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Eustaki Nkoswe na Mama Klementina. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Epifania, hivyo Padri hakupata taabu ya kumtafutia jina. Baba yake alikuwa mvuvi. Epifania akiwa bado mdogo, baba alimtoa samaki mmoja wavuni na kumlaza mchangani. Samaki akapanua kinywa, vikamwagika vitoto vingi, vyote hai. Epifania akalia, akidhani samaki yule alikuwa amewala watoto wa mwenzake.

“Huyo ni mama yao,” baba yake alimwambia akicheka. “Anawalea humo humo mdomoni.”

Epifania akaomba mama na wanawe warudishwe ziwani, wakarudishwa, na mboga ya siku ile ikapungua. Nyumbani walisema kuanzia hapo mtoto yule hakuacha tena kuuliza maswali.

Alisoma shule ya msingi Wampembe kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akapanda mlima kuja Ufipa ya juu kwa masomo ya sekondari, aliyoyamaliza mwaka 1979. Baridi ya Sumbawanga ilimshangaza. Katika barua yake ya kwanza nyumbani aliuliza kama samaki nao husikia baridi. Mwaka 1981 alihitimu mafunzo ya ualimu.

Alianza kazi Mwimbi mwaka 1982, na mwaka 1994 akahamishiwa Chanji, Sumbawanga mjini, alikofundisha hadi alipostaafu Januari 2021. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa Sayansi, na darasa alilolipenda lilikuwa la tano. Kila mwaka aliwasimulia wanafunzi habari ya yule samaki wa Wampembe, na kila mwaka swali hili lilikuwemo kwenye jaribio: “Samaki hutunza mayai yake wapi?” Jibu lilikuwa “mdomoni”. Huko Mwimbi, msichana mmoja aliyeitwa Winifrida aliandika: “Samaki hatunzi mayai, anayatupa.” Mwalimu alilisoma jibu hilo mbele ya darasa, darasa likacheka, naye akachora mkasi mwekundu wa kukosa.

Ilikuwa Mwimbi pia ambako alikutana na Bwana Wilibrodi Mwananjela, dereva wa lori la mahindi, gari lake lilipozama kwenye tope mbele ya shule. Wilibrodi aliomba wanafunzi wamsaidie kusukuma. Mwalimu alikubali kwa sharti moja: kwanza awaeleze watoto kwa nini gurudumu huzunguka bila kusogea. Maelezo yake yalikuwa mabaya, kwa hiyo akalazimika kurudi safari nyingine kuyarekebisha, na nyingine tena. Walifunga ndoa takatifu tarehe 14 Septemba 1985, wakajaliwa watoto watatu: Hellena, Evans na Fransiska.

Baada ya kustaafu, nyumba ya Chanji ilimwia kimya mno. Mwaka 2022 Hellena alikuja kutoka Mbeya na tangi la kioo, na ndani ya mfuko wa maji samaki wanane wembamba wa mapambo, wenye milia ya bluu, urefu wao haufiki kidole. Wilibrodi aliinama akawatazama kwa makini.

“Hawa ni mboga?” aliuliza. “Maana hata mwiko hautawaona.”

“Ni wa kutazama, Baba Hellena.”

“Basi watazame wewe. Mimi nitatazama taarifa ya habari.”

Mwalimu aliwatazama kweli. Msimu wa baridi aliwafunika kwa blanketi kuukuu, na umeme ulipokatika aliwawekea chupa za maji ya moto zielee juu ya maji yao. Asubuhi moja aliona jike likikimbia huku na huku, dume ubavuni, na mayai madogo kama punje za chumvi yakidondoka ovyo hadi chini. Mara samaki wote wakageuka, wakaanza kuyaokota kwa midomo.

“Baba Hellena, njoo uone! Wameyaweka mdomoni!”

Akaagiza redio ipunguzwe sauti, wazazi wasije wakashtuka na kuyatema. Na kwa kuwa alijua mama mwenye watoto mdomoni hali kitu, akapunguza na chakula chao. Akangoja. Vitoto havikutoka. Wakataga tena, wakaokota tena, akangoja tena, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi. Mwishowe Wilibrodi ndiye aliyelisema, akiwa amesimama mbele ya tangi na kikombe cha chai mkononi.

“Mama Hellena, huyu nimemwona akipiga miayo. Ndani hamna kitu. Amemeza.”

“Mama gani anameza wanawe?”

“Mimi nasema nilichokiona. Mwalimu ni wewe.”

Kesho yake Mwalimu alikata kipande cha chandarua kilichochakaa, akakifunga kwenye fremu ya waya na kukiweka juu kidogo ya sakafu ya tangi. Safari hii mayai yalidondoka yakapenya kwenye matundu, na samaki walipogeuka kuyafuata, midomo yao ikagonga wavu. Walikuwa na njaa, masikini, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewanyima chakula. Akawahamishia kwenye ndoo na kuyaacha mayai peke yake. Siku chache baadaye vilionekana vijiuzi vyenye macho, vimeganda kwenye kioo. Alivilisha kiini cha yai la kuku, kilichochemshwa na kuchujwa kwenye kitambaa, huku akicheka kwamba mayai ndiyo chakula cha ukoo huo. Majirani waliitwa mmoja mmoja kuja kuona.

Furaha hiyo ilimletea jambo lingine. Alikumbuka swali la jaribio. Karibu miaka arobaini alikuwa amefundisha kwamba samaki wote hulea mayai mdomoni, kwa sababu ya samaki mmoja aliyemwona Wampembe, na baadhi ya wanafunzi wake sasa ni walimu wanaowafundisha wengine hivyo hivyo. Jambo hilo lilimnyima raha. Akaanza kuwatafuta.

Wa kwanza alikuwa Bwana Shamsi, mwenye duka la vipuri pale mjini.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Shamsi, lile somo la samaki nilikufundisha nusu.”

“Somo gani, Mwalimu?”

“Samaki na mayai. Darasa la tano.”

“Mwalimu wangu, mimi darasa la tano nakumbuka fimbo tu.”

Hakukata tamaa. Alimfundisha upya pale pale dukani, wateja wakisubiri, na mteja mmoja akauliza swali zuri. Aliwasahihisha wengine kituo cha basi, wengine nje ya kanisa baada ya misa. Aliyemtafuta kuliko wote ni Winifrida, na mwaka 2024 alimpata sokoni Mwimbi, bibi mwenye wajukuu, akiuza maharage.

“Winifrida, jibu lako lilikuwa sahihi. Nimekuja kukupa alama yako.”

Winifrida alicheka mpaka akashika meza. “Mwalimu, mimi sikuwa nimesoma! Nilijaza nafasi tu.”

“Hata kama. Umepata.”

“Na umri huu naifanyia nini hiyo alama, nikaungie maharage?”

Hata hivyo aliipokea kwa mikono miwili, na Mwalimu alirudi Chanji mwepesi wa moyo, akiulizia njiani kama mto wa Mwimbi una samaki wadogo wa namna ile.

Mwishoni mwa mwaka huo moyo wake ulianza kudhoofu. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Kitandani alihesabu wanafunzi aliokuwa hajawafikia, akaona hatawamaliza. Ndipo akawaagiza wanawe: “Kwenye wasifu wangu msiweke sifa nyingi. Wekeni somo. Siku ya mazishi watakuja wengi kwa pamoja.” Aliaga dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, mumewe akiwa ameushika mkono wake.

Kwa hiyo, kwa ninyi nyote aliowafundisha darasa la tano, Mwimbi na Chanji, Mwalimu anasema hivi: Wapo samaki wanaolea mayai mdomoni. Wapo pia wanaoyatawanya na kwenda zao, na wakiyakuta tena huyala. Hao si wabaya, ndivyo walivyo. Atakayetaka mayai yao yaanguliwe na ayatenge nao. Aliyeandika “mdomoni” alipata nusu. Walimu mliopo, tafadhali sahihisheni huko mliko.

Mwalimu Epifania ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na samaki wa milia ambao idadi yao haijulikani kwa sababu hawatulii wahesabiwe. Bwana Wilibrodi ndiye anayewalisha.

Mungu ampokee, amjibu maswali yote aliyoondoka nayo, naye apumzike kwa amani.