Chupa Tatu za Mzee Kimea

Siku hiyo benchi la nje kwa Kinyozi halikumwita muuza kahawa. Mzee Kimea, aliyekaanga kimea cha shayiri katika kiwanda cha bia miaka thelathini hadi jina lake halisi likasahaulika, alikuja na chupa tatu za bia nyeusi alizopika jikoni kwake. Hakuwaambia wenzake wa benchi, Kinyozi, Dobi na Dereva, kwamba tangu ile homa ya mwaka jana ulimi wake hausikii ladha yoyote, si chumvi si sukari. Alizipika kwa kumbukumbu tu, na sasa alitaka kujua kama bado ni fundi au amebakiwa na jina tu. Akamimina ya kwanza.

— Ala! Kinyozi akasema. Nyeusi tii, lakini inateleza kama maji. Nasikia ganda la mkate wa moto.

— Hiyo laga nyeusi, Kimea akasema. Sasa onjeni chupa ya pili, hii ni pota.

Dobi akaonja, akafumba macho.

— Mzee, umetia chokoleti!

— Sijatia. Ni shayiri na moto, basi.

— Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Basi iko njiani, kooni hapa.

Ya tatu, stauti, ilishuka nzito, na povu la hudhurungi juu.

— Kahawa hii! Dereva akaruka. Kahawa tupu! Ila imeungua kidogo.

Kimea akashtuka.

— Imeungua vibaya au vizuri?

— Vizuri mno! Mvumilivu hula mbivu, wewe umevumilia mpaka zikaungua.

— Moto gani? Kinyozi akadakia. Shayiri hii imevunwa jua limepatwa.

— Nyie hamjui kitu, Dobi akasema. Mimi nafua majoho meusi ya mahakimu. Weusi huu naujua: mzee kachujia joho!

Wakacheka hadi benchi likalia, wakagombea tone la mwisho. Kimea naye alicheka, bilauri yake imejaa vilevile. Mgeni mmoja aliyekuja kunyolewa akaiona.

— Na wewe uliyepika, mzee, unasikia nini?

Kicheko kikakatika. Wakaitazama ile bilauri, kisha wakamtazama mwenyewe. Kimea akaisogeza bilauri katikati ya benchi, wagawane.

— Mimi nawasikia nyinyi, akasema. Haya, endeleeni.