Kamba ya Mita Thelathini

Wanajumuiya wenzangu, nimeomba nisome. Nikiongea bila karatasi najisahihisha kila neno mpaka watu wanachoka. Hata hii nimeiandika upya mara nne, na bado kuna mistari siipendi. Nivumilieni. Mama yangu hajafika, yuko njiani. Nimependa niyaseme haya kabla hajaingia.

Mnanijua, mimi ni fundi simu hapa Mazwi. Sikusomea. Nilijifunza kwa kutazama video. Niliua simu tatu za watu, ya nne ikawaka, na tangu siku hiyo nikaamini hakuna kitu kisichojifunzika hivyo.

Mama alipika pombe ya ulezi kwa kuni, miaka na miaka, kwenye jiko lisilo na dirisha. Pombe hiyo ndiyo iliyonifikisha kidato cha nne. Moshi wake ndio uliokula mapafu yake. Daktari alituambia wazi kwamba yaliyoharibika hayarudi, tutayatunza yaliyobaki. Mama akaitikia, "Haya." Mimi sikuitikia.

Pale hospitali, dada mmoja anayewafanyisha wagonjwa mazoezi alimpima kwa kumtembeza dakika sita, kwenda na kurudi kwenye korido, kisha akaandika mita alizofika. Nilisimama pembeni nikaangalia kila kitu, au nilidhani nimeangalia kila kitu. Nikajiambia, hii naiweza.

Nilipima kamba ya mita thelathini, nikapigilia kigingi kila mwisho, kandokando ya mahindi yetu. Yule dada alisema atampima tena baada ya miezi mitatu. Mimi nikampima kila asubuhi. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: kila asubuhi, hata ile baridi ya mwezi wa saba inayochoma masikio. Simu mkononi, daftari kwapani. Nilikuwa napiga kelele, "Usisimame, mama! Bado dakika mbili!"

Namba ilipanda wiki ya kwanza, ikasimama, ikaanza kushuka. Mita mia mbili arobaini. Mia mbili na kumi. Nikapima kamba upya, nikidhani imevutika. Nikabadilisha viatu vyake. Namba ikishuka nilikuwa silali vizuri, na chakula hakipiti. Nikimuuliza, "Unajisikiaje, mama?" anajibu, "Sijambo, baba." Kila siku sijambo. Nikaandika sijambo kwenye daftari, kana kwamba ni kipimo.

Wakati huohuo jirani mmoja akanitania dukani, "Mama yako siku hizi anaringa, eh? Watoto wanamwamkia, haitiki." Nikacheka. Sikujua kwamba neno marahaba lilikuwa limekuwa refu kuliko pumzi yake. Fundi mzima, mwenye daftari, sikujua.

Asubuhi moja, dakika ya tano, binti wa jirani alipita na ndoo. "Shikamoo, bibi!" Nadhani mama alikuwa amesikia yale maneno ya kuringa, maana safari hii alijitahidi. Akasema, "Mara..." Akapiga magoti pale kwenye kigingi, midomo imebadilika rangi.

Hapa ndipo mstari nisioupenda. Kabla sijamkimbilia, niliangalia simu nione ni dakika ya ngapi. Ilikuwa mara moja tu, lakini mama aliniona. Binti akatupa ndoo, akamfikia kabla yangu.

Hospitali walimwekea oksijeni. Yule dada wa mazoezi akasoma daftari langu lote, halafu akauliza, "Nani alikwambia mgonjwa haruhusiwi kusimama?"

"Niliona kwako."

"Hukuona. Siku ile alisimama mara mbili, akaegemea ukuta. Saa inaendelea, mgonjwa anapumzika. Kupumzika ni sehemu ya kipimo, kaka."

Mara mbili. Nilikuwa naandika mita, sikuinua macho.

Jioni mama aliweza kuongea, maneno machache machache. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia anaumia. Akasema, "Namba ikishuka... ulikuwa huli. Ningefanyaje, baba?"

Nililia kwenye ngazi za wodi kama mtoto. Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo alipona. Hakupona. Leo anatembea kidogo kuliko alivyotembea mwezi wa saba, na mwakani huenda kidogo zaidi. Nikiamka asubuhi bado mkono wangu unatafuta daftari, na kuna siku naona giza tupu mbele. Nilichopona ni kumkimbiza tu.

Nawashukuru. Yule binti, na ndoo yake iliyopasuka. Yule dada wa mazoezi, ambaye hakunifukuza, akanifundisha upya tangu mwanzo. Na ninyi mlioweka vigoda mbele ya nyumba zenu, vinne, kutoka kwetu mpaka hapa, bila kuombwa. Kamba niliikata, sasa inaanikiwa nguo.

Mwenye mgonjwa nyumbani, usiliamini neno sijambo. Mwangalie anaposimama, hapo ndipo anapokuambia ukweli.

Nimemwacha mama kwenye kigoda cha pili. Ameniambia, "Tangulia, baba, usinisimamie." Sijui atatumia dakika ngapi, simu nimeiacha nyumbani. Akiingia, mwamkieni kama kawaida. Halafu ngojeni. Marahaba yake itafika.