Futari ya King'ora

Ndani ya basi la Likoni, Mwanapili alimwamkia mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeketi ubavuni mwake, kisha akamshitakia: jana nyumba yake nzima ilifuturu jua lingali juu, kwa kuwa king'ora cha kiwanda cha sukari kililia mapema.

“Jua hamkuliona, mwanangu?”

“Nani atazama jua siku hizi, mwalimu? Kikilia twaamka, kikilia mume wangu aenda kazini, kikilia twafuturu. Jana mashine iliwaharibikia, wakakipiga kufunga kazi kabla ya saa yake, wala hawakutwambia!”

“Basi saumu hiyo mtailipa.”

“Tutailipa, twajua. Na huyo meneja wa kiwanda aliyetufuturisha, yeye atafunga lini?”

Basi likasimama Waa, Likoni bado mbali. Mwalimu akashuka mbio, naye tikiti yake ilikuwa ya Likoni.