Miduara ya Meza ya Lodu

Nje ya karakana ya useremala ya Lodu, hapa mtaani Malakia, kuna benchi ambalo hajawahi kuliuza kwa sababu hatujawahi kubanduka juu yake. Suzan huleta birika la kahawa ya tangawizi. Waraka, karani mstaafu aliyerudi kutoka Nairobi na faili kwapani, huleta maoni. Hii ni wiki ya tatu tunaitazama meza ya mbao za tiki, ya watu sita. Lodu anawatengenezea mkewe na watoto waliobaki Arua. Aliahidi: meza ikiisha, wanakuja. Lakini kila akiikandamiza ile mashine ya msasa ya umeme, ubao unabaki na miduara midogomidogo, kama mtu aliyekuwa anajaribu kalamu.

— Ni jenereta, alisema Waraka. Umeme wake unazunguka, ndiyo ubao nao unazunguka.

— Umeme wewe nasoma wapi? Suzan akamuuliza.

— Nimegonga muhuri fomu za umeme miaka kumi na moja!

— Mimi naona hii mti ndiyo iko na shida. Ilitoka Yei bila kuaga.

— Bila kibali! Hapo sasa umesema. Mbao ikipita vizuizi saba bila muhuri, dhamiri yake haitulii.

— Basi kamata yeye na nguvu, Lodu. Si wanasema samaki mkunje angali mbichi?

Lodu akaegemea kwa kifua. Mashine ikalia kama mbuzi, miduara ikazaliana.

— Malesh, pole, akaiambia meza, kwa upole ambao hajawahi kutuonyesha sisi.

Ndipo akapita Achai, fundi mwanamke ambaye hatukuwa tukimjua bado, akitafuta vipande vya mbao. Ufundi, alituambia baadaye, alijifunzia kambini Kakuma. Akamkuta Lodu anabandua msasa uliochakaa, waya bado umechomekwa.

— Mzee wangu, chomoa kwanza. Vidole havina spea.

Lodu akachomoa.

— Na ufunge pua, vumbi hili si la kula. Halafu usiikandamize, uzito wake wenyewe unatosha. Ilaze bapa juu ya mbao ndipo uwashe, uisogeze polepole kufuata nyuzi za mti. Msasa mkali, halafu wa wastani, halafu laini. Usiruke. Futa vumbi kila ukibadilisha.

— Jambo kama hili lilitaka kamati, Waraka akanung'unika.

Lodu akafuata hatua kwa hatua. Birika la pili lilipofika nusu, Suzan alipitisha kiganja juu ya meza, kutoka pembe hadi pembe. Hakikukwama popote. Ajabu, hakuna aliyeshangilia.

— Kalas, imeisha, akasema Achai. Sasa hao wa Arua mlionisimulia wanafika lini?

Waraka akafungua faili, akalifunga. Suzan akachungulia ndani ya birika. Mimi nilijua, na wote walijua, kwamba shule za Arua zimefungwa kwa likizo tangu mwezi uliopita, na kwamba Lodu akipiga simu kule, inaita tu mpaka inachoka. Wiki tatu tulikuwa na miduara ya kulaumu.

— Haijaisha bado, akasema Lodu, akipangusa mikono kwenye suruali. Akatuomba tushike pembe nne, kila mtu yake, tukaipindua meza miguu juu. Akabandika msasa mkali mpya, akachomeka waya, akailaza mashine kwenye upande wa chini, ule ambao hakuna mlaji anayeutazama, akawasha.

Safari hii hakuikandamiza hata kidogo.