Slavica Naumoska na Lango la Zamu

Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, Bi. Slavica Naumoska anastaafu baada ya kuitumikia klabu yetu ya soka ya Kembla kwa miaka thelathini na minne, yote akiwa bawabu wa Lango la Zamu.

Aliajiriwa mwaka 1992, akaikuta desturi. Mechi za nyumbani huanza Jumamosi saa nane na robo mchana. Zamu ya asubuhi ya kiwanda cha chuma cha jirani hutoka saa tisa. Wakati wa mapumziko Lango la Zamu, lililo upande wa tanuru za kiwanda, hufunguliwa, na wafanyakazi huingia bure wakiwa na buti na vumbi lao, wakasimama nyuma ya goli. Huko hakuna anayepigiwa makofi kwa chenga. Makofi ni ya anayerudi kukaba.

Kila mchezaji mpya huletwa kwa Slavica awapokee watu hao kwa mkono. Mshambuliaji wetu kutoka Denmark alimaliza akiwa na viganja vyeusi kwa grisi, akauliza bomba liko wapi. “Subiri kwanza,” Slavica akamwambia, “kocha akuone.”

Mwaka 2017 desturi hiyo ilikaribia kufa. Meneja mpya, Craig Penhallow kutoka Sydney, alitaka sehemu ile iuzwe kwa tiketi. Alimwambia Slavica wazi kwamba akilifungua lango, kazi hana.

“Basi shika ufunguo, Craig,” alijibu. “Lakini simama hapa saa tisa, uwaambie mwenyewe.”

Craig alisimama, na suti na tai yake shingoni. Zamu ikafika.

“We bwana tai, umepotea? Ofisi iko kule!”

“Shangazi, huyu nani? Mkwe wako?”

“Mkwe wangu angefungua,” Slavica akasema.

Craig akawaeleza habari ya tiketi. Hakuna aliyemtukana. Walikaa chini barabarani, wakafungua mikate yao, wakawasha redio. Ndani, nyuma ya goli palikuwa patupu. Tulipofunga goli, wachezaji hawakukimbilia jukwaa kuu. Walikimbilia uzio, wakapenyeza vidole kwenye waya kuwashika watu waliokuwa nje.

Craig alitazama, kisha akaanza kujipapasa. “Slavica, ufunguo uko wapi?”

“Mfuko wako wa kushoto.”

Tangu siku hiyo zamu haijafungiwa nje tena, na Craig, ambaye bado ni meneja wetu, hucheka kuliko sote hadithi hii ikisimuliwa.

Klabu imempa Bi. Slavica kiti cha heshima jukwaa kuu, maisha yake yote. Amekikataa kwa adabu. Binti yake Vesna anafanya kazi kiwandani, na kuanzia msimu ujao mama atamsubiri nje saa tisa, waingie pamoja na wenzake.

Asante, Shangazi, kwa kazi uliyotufanyia. Tunakuombea afya, usingizi mzuri wa Jumamosi asubuhi, na nafasi ya kusimama karibu na goli. Usisahau buti.